Samaki wa Kiwanda Wamekufa, Sasa Ninyweshwe Mimi

Mpendwa mshauri Mama Rosina, shikamoo, naomba msaada kabla ya Alhamisi maana nimechanganyikiwa, mimi ni karani wa kiwanda cha kumenya kahawa huku Mbinga, maji machafu tunayamwaga mtoni, yananuka mpaka ng'ombe wanageuza njia, lakini meneja wetu, Bwana Mansuetus, amechora samaki anayecheka kwenye magunia na kuandika "Kahawa Rafiki wa Mto", na wanunuzi walipouliza huyo samaki yuko wapi akanituma Liuli, kule ziwani, nikalete perege hai, nikapanda basi nimekumbatia ndoo, tukawatia kwenye bwawa la maji yetu machafu, wakaishi mpaka wageni walipomaliza kupiga picha, kama robo saa hivi, na tangu hapo kila wakija wageni ni mimi na ndoo, nikapewa na cheo, Afisa Mazingira, pamoja na kofia ya kijani.

Wiki hii perege hawapatikani, basi meneja amesema Alhamisi nitakunywa glasi ya hayo maji mbele ya wageni waone ni salama, huku natabasamu, nikikataa kazi sina. Na mama mkwe wangu, Kunigunda, anachota maji mtoni, upande wa chini wa kiwanda, mimi ndiye niliyemwambia ni salama, akaniamini kwa sababu ya kofia. Naona aibu hata kula kwake. Nifanyeje?

Afisa Mazingira, Mbinga

Marahaba, Afisa. Nimecheka, kisha nikakasirika. Perege wote hao wamekufa ukiwaona, tatizo umelijua siku glasi ilipokufikia wewe?

Usinywe hata tone. Weka gazeti chini sasa hivi, nenda kwa mama mkwe wako, mwambie asichote tena na kwamba ulimdanganya. Atakusema mpaka jioni. Kaa usikilize, umestahili, na kofia uiache nyumbani. Ukitoka hapo pitia kwa mwenyekiti wa kijiji, ueleze maji yanakokwenda. Kazi unaweza kuikosa, sikufichi, na inauma, lakini mama mkwe huna mwingine.

Alhamisi nenda umependeza. Huko kwenu pombe ikiletwa kwa mgeni, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone haina kitu. Basi jaza glasi maji hayo, piga goti, mpe Bwana Mansuetus kwa mikono miwili, useme kwa sauti wageni wasikie, "Baba, mwenye nyumba huonja kwanza." Kisha umtazame.