Nyanya ashikwa kama mwizi dukani kwa Mohammed

Risper, hebu sikia haya!!

Nyanya Eddah ametoroka nyumbani asubuhi, akaenda Voi peke yake. Akaingia pale palipokuwa duka la Mohammed zamani. Siku hizi si ni kemisti, wanauza dawa? Akapita hadi nyuma ya kaunta, akaanza kufungua droo!

Watu wakapiga kelele, "Mwizi!" Mwizi, Risper! Nyanya yangu! Askari wa mlangoni akamkamata mkono.

Naye anapaza sauti: "Niache! Mwambie Mohammed anipimie sukari nusu kilo, aifunge na gazeti."

Mwenye kemisti akamwambia askari, "Mwachilie. Mohammed alikuwa babu yangu."

Akaagiza sukari duka la jirani, akaifunga na gazeti mwenyewe. Nyanya akaishika, akanuna: "Hii haijafika nusu kilo. Mohammed huniongezea."