Kasuku Amekosa Sauti

Nyumba za Walimu,
Mlango wa mwisho, penye bati linalovuja.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Na mzee wako, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima, ila mimi ni nusu.

Yule Kasuku wako uliyekuwa ukimhonga pipi ili anyamaze amekosa sauti. Watoto themanini, vumbi la chaki, kupaza sauti tangu asubuhi, mwishowe koo limegoma. Daktari kanikataza kusema hata "shh" kwa wiki mbili. Nililia, Shangazi, na kulia bila sauti hakuna raha hata kidogo. Siku ile nilikubali moyoni kuacha ualimu, nije kwenye ile kazi ya dukani kwako uliyonipa.

Lakini kulikuwa na watoto wangu wa saa ya kwanza. Siku hizi kila asubuhi, kwa saa moja, shule nzima huacha madarasa yao ya kawaida, mtoto akakaa na wanaojua kusoma sawa naye, awe wa la tatu au la sita. Mwanzoni tuliyapa makundi majina ya wanyama, tukajiona wajanja. Kumbe kabla ya mapumziko kila mtu keshajua Kobe ni akina nani! Tuliyafuta, lakini maji yalishamwagika. Ngongoti, binti mrefu wa la sita niliyempanga na wadogo, alijifunika uso kwa sweta, hakufungua mdomo mwezi mzima.

Mwalimu mkuu aliniambia nikapumzike. Nikaomba saa ile moja tu, nikawaage. Nikaingia bubu, nikaandika ubaoni: "Fungeni mlango." Wakakodoa macho. Nikagonga ubao. Mara nikasikia kutoka ndani ya sweta: "Fu-nge-ni m-la-ngo." Ngongoti akainuka, akaufunga. Jamani, nilishindwa kuaga.

Tangu hapo ndiye mdomo wangu. Naandika, anasoma, wenzake wanafuata. Nikiandika "Kaeni vizuri", yeye anaongeza, "Na wewe, toa kidole puani!"

Wenzangu nao, Mungu awazidishie. Mwalimu wa hesabu kabeba vipindi vyangu vya mchana, na mwalimu mkuu kapiga marufuku madaftari mezani wakati wa chai. Siku ya kwanza tulibaki kutazamana kama wageni msibani. Sasa tunacheka hadi watoto wanachungulia dirishani. Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi kile.

Juzi niliandika ubaoni kwamba sauti inarudi wiki ijayo. Ngongoti akayasoma yote bila kukwama, akanigeukia, uso wazi: "Mwalimu, pona. Lakini taratibu."

Basi Shangazi wangu, usinune, ile kazi mpe mwingine.

Nisalimie mzee wa kukoroma, mabinamu pacha, na Mama Mkubwa akipita hapo. Mola ayalainishe magoti yako, yakulete utusalimie.

Wako akupendaye, kwa sasa kwa maandishi tu,

Kasuku