Futi Zilizopimwa Kibarazani

Machi 3

Dada Arlys,

Habari za huko? Mguu unaendeleaje tangu uteleze kwenye barafu? Sisi wazima.

Ulirudisha bakuli langu tupu. Mama alisema hata adui harudishiwi chombo kitupu, kwa hiyo najua umeshasikia.

Ni kweli. Ile sheria ya kaunti, kwamba bomba la hewa ukaa likae futi 1,240 kutoka nyumba ya mtu, niliiandika mimi. Halmashauri nikaiambia namba ni ya wataalamu. Hakuna mtaalamu. Nilipima kutoka kibarazani kwangu mpaka ua wa shamba la jirani yetu Opal Hinrichs, ili bomba litukwepe mimi na wewe, lipite kwenye ardhi ya yule mjane. Sasa kampuni ya bomba imetushtaki, na Alhamisi wakili wao ataniuliza kwa kiapo namba ilitoka wapi. Nikisema kweli, sheria inakufa na bomba linapita kwako. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Loren

Machi 6

Loren,

Mguu unauma. Wewe hujambo, naona. Waoga hawaugui.

Opal alimlisha Mama kwa kijiko msimu mzima wa baridi, wewe uko mikutanoni. Ukamtupia bomba, kisha ukaja kwenye kahawa ya baada ya ibada kupigiwa makofi kwa sheria yako. Leo unaniuliza mimi, ili ukidanganya useme ulimlinda dada. Kampuni ni wezi, lakini wao angalau wanabisha hodi.

Kaseme kweli. Bomba likija, litanikuta.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Arlys

Juni 12

Dada,

Salamu, na pole na mguu.

Nilisema kweli mahakamani. Opal alikuwa mbele kabisa, pochi magotini. Jaji akaifuta sheria kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi dukani hakuna anayeniuliza mahindi yangu yanaendeleaje. Opal tu ndiye alinisogelea, akasema, "Ungeniambia, Loren, ningekushikia kamba ya kupimia." Nilitamani anitukane.

Nilikuletea viazi vya jibini kwenye bakuli lile lile, ukanyamaza miezi mitatu. Leo asubuhi nimelikuta bakuli mlangoni kwangu. Barua hamna. Limejaa vibendera vya rangi ya waridi vya wapima ardhi wa kampuni, umeving'oa shambani kwako, bado vina udongo.

Si tupu, dada. Nimeliona hilo.

Kesho watarudi kuvichomeka upya. Watanikuta kibarazani kwako, nimekaa.

Mdogo wako,
Loren