Nilimuuliza Mbele ya Mkwe Wake

Mireille, Mama Driwaru amekufa. Yule mama wa mafua niliyemwandikia dawa ya virusi Jumatatu, hapa kliniki Koboko.

Nilimuuliza! Haki ya Mungu nilimuuliza. "Mama, figo iko sawa? Mkojo inatoka vizuri?" Akaangalia chini. Akasema, "Niko muzima."

Akaangalia chini, Mireille! Na mimi nikaandika dozi nzima, ya mtu mwenye figo nzuri.

Mume wa binti yake ndiye alimleta na boda. Alikuwa amekaa pale pale, kiti kwa kiti. Mama gani wa kwetu atataja mkojo mbele ya mkwe wake? Mimi mwenyewe siwezi!

Alitapika siku mbili, akaanza kuongea na watu wenye hawako. Jana hakumjua binti yake.

Leo binti ameniletea kitabu ya matibabu ya mama, nimsomee. Iko wazi, tangu mwaka jana: figo ni dhaifu, dozi ipunguzwe. Jumatatu hiyo kitabu ilikuwa kwenye begi, mama ameipakata.

Ningemwambia tu yule mkwe, "Ngoja nje kidogo."

Sasa nimemwambia binti ndiye angoje nje. Yuko kwenye benchi, anangoja nimwambie kitabu inasema nini.