Mke wa Fundi Viatu

Tarehe 3 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

…na hapo ndipo simu ilipokatika, kwa hiyo namalizia kwa barua. Nilikuwa nasema kwamba bahati ninaiona, ila imenikalia kifuani. Lo, hata shikamoo sijatoa! Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi wazima, mimi na mume wangu (nalipenda hilo neno, utalisoma sana, nivumilie). Jana karudi kutoka kupaka nyumba za watu na rangi ya bluu kwenye nyusi, na mke mzima nikasahau kupika kwa kumtazama.

Basi. Mwongozaji wetu, yule tunayemwita Kengele, amenipa nafasi kubwa kuliko zote katika mchezo mpya wa jukwaani. Ni mke wa fundi viatu. Mume anafariki, mke anabaki na kibanda na viatu vya watu. Kurasa tisini na mbili, na mimi nimo karibu kila ukurasa! Tarehe 18 nitamwonyesha onyesho moja mbele ya wenzangu wote. Nikishindwa, anampa mwingine.

Shangazi, nina wiki saba za ndoa. Ujane nautoa wapi? Nimeamua kuishi kama yeye hukuhuku nyumbani, kuanzia asubuhi hadi kulala, ili aniingie. Wewe uliyepanda jukwaani miaka ishirini, unasemaje?

Mwanao

*

Tarehe 7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri kila ngazi, mengine salama. Msalimie mkwe wangu, mwambie nyusi hazipakwi rangi.

Hilo la kuishi kama yeye nyumbani, acha. Nyumba yako bado mbichi. Soma mswada mara moja kama hadithi, bila kukariri neno, kisha ufunge. Nitakuandikia zaidi goti likinipa nafasi ya kukaa mezani.

Shangazi yako

*

Tarehe 12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ingawa jengo zima liliamini vingine.

Barua yako ilifika nimeshaharibu. Jumanne alasiri nilichukua shati la mume wangu, lile alilovaa siku ya kuniposa, nikalikumbatia nikafikiria amekufa. Kilio kilinitoka sijui wapi. Nilifurahi, nikasema ndiyo huyu mjane! Nikaongeza sauti. Dakika chache mlango ukafunguliwa, jirani wa chini akanishika mabega, "Pole mama, pole, yamekuwaje?" Nami kwa ujinga wangu sikutaka kuipoteza ile hali, nikaendelea kulia! Wanawake wanne wakaketi sakafuni. Mmoja akashusha mapazia. Nje wanaume wameshatoa viti.

Mume wangu akatokea ngazini, mkate kwapani. Mwanamke mmoja alipiga ukelele kama kaona mzuka, mkate ukaanguka.

Watu walicheka, isipokuwa bibi wa chumba cha mwisho. Aliniambia, "Binti, umemwitia mumeo kifo, na kifo hakina adabu." Mume wangu naye alicheka, akasema walau amejua nani angemlilia. Lakini hakumaliza chakula. Tangu siku hiyo nikifungua mswada naliona shati, naufunga. Shangazi, nataka kumwambia Kengele ampe mwingine. Siwezi kumzika mpenzi wangu kila jioni saa moja ili watu wapige makofi.

Mwanao

*

Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilicheka niliposoma la mkate, kisha nikachukua kalamu.

Mumeo hayumo katika mchezo huo. Mwache apake rangi nyumba za watu. Aliyekufa ni mume wa mwanamke mwingine, na wewe humjui mwanamke huyo kwa sababu umekimbilia machozi yake kabla ya kujua anaamkaje. Nenda kakae na fundi viatu yeyote. Tazama anavyoshika sindano, anavyokaza uzi, anavyomjibu mteja. Shika viatu.

Kisha usimbebe mwanamke mzima kwa siku moja. Bandu bandu huisha gogo. Onyesho moja kwa siku, na swali moja tu: hapa anataka nini? Pengine anataka mteja aondoke. Basi, fanyia kazi hilo, mengine yaache. Ukimaliza mazoezi, nawa uso, vaa viatu vyako mwenyewe, umwache palepale ukumbini. Asikufuate kwenye mto wa mumeo.

Na kwa kuwa hukuuliza, nitakuambia. Mume wangu alipofariki sikulia siku nne. Siku ya tano nilitafuta kifuniko cha sufuria ya wali. Yeye ndiye aliyekuwa akikiweka, sikujua wapi. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko, wali unakauka. Ujane wangu ulianzia hapo.

Usikatae nafasi kwa hofu. Kama huipendi, kataa. Hofu siyo sababu.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti je? Sisi wazima wa afya, na mume wangu ndiye aliyenishikia mswada nikikariri. Anasoma sehemu za wateja kwa sauti ya kifaru!

Siku mbili nilikaa kwa fundi viatu wa kona. Nilijichoma kidole mara tatu. Tarehe 18 nilichagua onyesho la mteja anayekuja kudai viatu ambavyo marehemu hakuvimaliza. Sikutafuta chozi. Nilitaka tu aondoke, basi. Nilishona huku nikimwambia, "Kesho," naye anasisitiza, na mkono ukavuta uzi mpaka ukakatika, bila mimi kuuamrisha. Kengele, ambaye hunong'ona kama tarumbeta, alisema polepole, "Nafasi ni yako. Nenda nyumbani." Nikanawa uso, nikaenda kwa mume wangu mzima, mzito, mwenye rangi masikioni!

Lakini njiani nilipunguza mwendo. Shangazi, nilikuandikia kurasa na kurasa kuhusu mjane, na mjane ninaye, na sijawahi kumuuliza siku zake zinakwendaje. Siku ya harusi ulicheza kuliko wote, kisha ulirudi nyumbani peke yako. Mimi sikuona, nilikuwa natazama nyusi za mtu.

Jumamosi ijayo hatuna mazoezi. Mswada nitauacha huku. Tutakuja wawili, na kama ngazi ni tatizo, ubaki umekaa, mlango tutaufungua wenyewe. Nataka unisimulie habari za marehemu mumeo, hata zile za kuudhi. Kabla mwezi huu haujaisha, shangazi, tutakuwa kwako.

Mwanao