Mwezi wa Kuhama

Jumatatu, 8 Julai 1974
Ukungu tangu alfajiri. Nimevuna maharage, yamelowa. Nimeyaanika ndani. Mjumbe amepita, akanipongeza: mume wangu Athumani ameshaandikisha kiwanja chetu katika kijiji cha ujamaa, kule chini barabarani. Nimetabasamu kama niliyejua. Sikujua.

Jumanne, 9 Julai
Nimemsubiri aniambie. Amekula, amesifu mboga, amelala. Nina hasira.

Alhamisi, 11 Julai
Ameng'oa mlango wa stoo ili tuhame nao. Nimeurudisha. Hatusemezani. Hata chumvi tunaonyeshana kwa kidole.

Ijumaa, 12 Julai
Nimemwambia aende peke yake, mimi hapa sitoki. Ameniita mkaidi. Amehamishia mkeka wake stoo. Naogopa sasa. Ndoa huanza kufa hivi hivi.

Jumapili, 14 Julai
Nimechoka kununa. Nimemfuata kwenye viazi, nikamuuliza bila ukali:
“Huku kumekukosea nini?”
Akaegemea jembe.
“Kila asubuhi napita kaburi la Rehema. Siwezi tena.”
Mtoto wetu. Surua, mwaka juzi. Tangu tumzike nyuma ya jiko, hajawahi kumtaja. Nikamwambia kaburi hilo hilo ndilo linalonizuia. Tukiondoka, nani atalipalilia?
“Nilidhani umemsahau,” nikasema.
“Nilidhani wewe umepoa. Sikutaka kukutonesha.”
Tumelia wote wawili, mchana kweupe, katikati ya matuta.

Jumatano, 17 Julai
Siku tatu hizi tumezungumza zaidi ya miaka miwili iliyopita. Tutahama. Shamba la huku litabaki letu, mjumbe amekubali. Nitakuwa nikipanda huku juu kupalilia kaburi. Athumani atakuja akiweza. Asipoweza, sitamnunia.
Nikamwambia pia asiamue tena jambo letu bila mimi. Akacheka. Akaona sicheki.
“Nimesikia, mke wangu.”
Mkeka umerudi chumbani.

Jumapili, 11 Agosti
Kijijini. Paa linavuja upande wa kitanda. Watu wengi, kelele nyingi. Bado sijapazoea.
Jioni jirani mpya alikuja kutuamkia, akatukuta tukimenya viazi. Akauliza tuna watoto wangapi. Mimi nikainamia kiazi changu.
Athumani akajibu, “Tulijaliwa mmoja, Rehema. Alifariki.”
Jirani akatupa pole. Athumani akachukua kiazi kingine.
Nikasogeza kigoda changu karibu naye.