Mjane Asiyeingia kwa Watu

Jumatatu, 9 Machi 1992

Nimemaliza sketi mbili za kwaya. Aliyeziagiza hakuingia kuzichukua, alisimama barabarani akanyoosha mkono. Mtaa mzima wa Manyatta sasa unanisalimia kutoka mbali. Tangu tumzike mume wangu, Baba Achieng, kule Seme, na binti yetu yuko shule ya bweni, jirani yangu ni cherehani.

Okinyi, shemeji yangu, amekuja tena. Shati la kuazima. Anataka tero, ile mila ya kumtakasa mjane: alale nami hapa kwangu usiku mmoja, aniondolee kifo nilichoachiwa na ndugu yake. Kabla ya hapo siruhusiwi kuingia nyumba ya mtu, wanasema nitaingia nacho. Nimemkatalia. Nimeokoka, Yesu ameshaniosha. Tena ni mimi niliyemwuguza marehemu, nikaona alivyokonda. Okinyi hataki hata kuuliza kilichomuua.

Alhamisi, 12 Machi

Siamini. Ushirika wa akina mama ulikuwa kwa Mama Pamela, kiongozi wetu. Ndiye aliyenishika mkono kaburini akaniambia nisimame imara, mila ni giza. Nimefika na Biblia yangu na mandazi. Nikakuta kiti kimewekwa nje, chini ya dirisha.

"Mama Achieng, wewe kaa tu hapo, iko upepo mzuri. Utasikia yote."

Nikadhani ni utani. Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilikaa! Wameimba huko ndani, mimi naitikia dirishani. Mandazi yangu hayakuguswa. Nimerudi nayo.

Ijumaa, 13 Machi

Sijaomba. Nimejaribu, ulimi mzito. Pindo moja nimelishona na kulifumua kwa hasira.

Hivi nakataa kwa ajili ya Yesu, au kwa sababu Okinyi ananuka chang'aa? Yote mawili. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo. Pua alinipa mwenyewe.

Jumapili, 15 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya wajane. Amepiga meza. Asiwepo binti wa Kristo atakayerudi gizani! Nimesema amina mpaka koo likauma.

Baada ya ibada akaniita kando ya tangi la maji. Akaninong'oneza nimalizane na wakwe, kimya kimya, Mungu anaelewa. Akina mama wanaogopa, ushirika unavunjika. Mtu yule yule, koti lile lile, jasho la mahubiri halijakauka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimerudi nyumbani sijui hata nimepita njia gani.

Jumanne, 17 Machi

Mama yangu anaumwa. Muuza nyanya mmoja wa Katito ameniletea habari kutoka kwa kaka yangu Ouma. Mama hali chakula, hawezi hata kugeuka kitandani, na ananiita. Lakini Ouma anasema nisikanyage bomani kabla ya tero. Nikiingia hivi nilivyo, mama atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi.

Uzi hauingii sindanoni. Nimefunga kazi.

Jumatano, 18 Machi

Okinyi ameshazipata habari, sijui kwa nani. Safari hii ameoga.

"Shemeji, ni siku moja tu. Kesho kutwa uko kwa mama yako, hakuna mtu atasema kitu."

Nimemwambia aje kesho jioni. Mimi. Kwa kinywa changu. Alipoondoka nilikaa sakafuni, nimeshtuka kuliko siku ile ya kiti. Bwana, uko wapi? Nimetandika kitanda shuka safi.

Alhamisi, 19 Machi

Sikumngoja. Asubuhi nililitazama lile shuka, nikalitandua. Nikafunga mlango, nikaenda Katito, kisha kwa miguu hadi nyumbani kwetu. Isiandikwe kwamba ilikuwa imani. Nilimtaka mama tu.

Ouma alikuwa amesimama penye mwanya wa ua wa minyaa, mikono ameitanua kama anazuia ng'ombe. Analia. "Dada, usituulie mama, jamani, yawa." Sikumsukuma. Nilikaa chini pale nje, nikaita "Mama!" kama mtoto aliyeanguka.

Akatoka. Mama asiyeweza kugeuka kitandani, anakuja akijivuta kwa makalio, leso imejaa vumbi. Ouma alipojaribu kumrudisha alimzaba kofi. Akapita mwanya. Akalaza kichwa mapajani mwangu. Alikuwa mwepesi mno, na moto.

Nikamwuliza kama haniogopi.

"Naogopa sana. Najua umekuja na kifo. Sasa nitafanya nini, na wewe ni mtoto yangu?"

Mama hajawahi kuingia kanisani. Mila anaiamini yote, hakuna anayoiacha. Amekuja kwangu akijua kabisa kwamba nitamuua. Na wale wa ushirika wanaosema hawaiamini hawakunipisha mlangoni. Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, 22 Machi

Mama amekataa kurudi ndani bila mimi. Ouma ametufungia turubai hapa nje ya ua. Homa haijashuka. Sidhani kama itashuka.

Leo ameniambia nimwombee kwa huyo Mungu wangu. Maneno ya kikanisa sikuyapata. Nikasema, Baba, huyu ni mama yangu. Akasema amina, akauliza kama imetosha. Nikamwambia imetosha.

Ouma huleta uji, huuweka chini, hurudi upesi ng'ambo ya ua. Asubuhi hii aliuweka akasimama. Nilimwona anatazama vidole vyake. Halafu akaja akaketi upande wa pili wa mama, akaninyanyulia kichwa chake, nami nikamnywesha.